Nani Mwenye Mawe ya Yeriko?

Katika midahalo ya shule zetu, na hata katika mazungumzo yetu walimu, umeota mizizi mtindo wa kulijadili suala la Waarabu na Wayahudi kama watu wanavyojadili mchezo wa mpira. Kila mtu huchagua upande wake, hupiga makelele, kisha hurudi nyumbani vile vile alivyokuja. Mwanafunzi akipewa insha juu ya nchi ile huandika habari za manabii na habari za mabomu, akaishia hapo. Na inapotokea mtu akataja kwamba wako Waarabu na Wayahudi wanaokaa meza moja kuhifadhi magofu, magombo na makaburi ya kale, wenzetu hugawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza husema huo ni usaliti mtupu. Kundi la pili husema hiyo ndiyo dawa ya ugomvi wote, kwani elimu haina siasa. Kundi la tatu huuliza: hayo yanatuhusu nini sisi?

Sisi hatukubaliani na kundi lolote kati ya hayo matatu. Tunaona kwamba yote yanakosea kwa sababu moja, nayo ni kutotazama mambo yenyewe yalivyotokea. Basi na tuyatazame.

Sakafu ya Yeriko

Mwaka 1936, wakati Palestina ilipokuwa chini ya Uingereza, idara ya mambo ya kale ya serikali ilichimba katika shamba moja karibu na Yeriko. Aliyesimamia kazi alikuwa Dimitri Baramki, Mwarabu Mkristo, Mpalestina wa Yerusalemu. Chini ya udongo alikuta sakafu ya vijiwe vya rangi vilivyopangwa kwa ustadi, sakafu ya sinagogi la kale. Katikati yake palikuwa na kinara cha taa chenye matawi saba, na chini ya kinara maneno ya Kiebrania: Shalom al Yisrael, yaani amani juu ya Israeli. Mwanachuoni huyo huyo ndiye aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika magofu ya Kasri ya Hisham, kaskazini ya Yeriko, jengo la fahari la wakati wa makhalifa wa Bani Umayya. Mkono mmoja ulifukua sinagogi la Wayahudi na kasri ya Waislamu, na mwenye mkono huo alikuwa Mkristo. Hakuona kwamba kumfukulia jirani urithi wake kunapunguza wake.

Familia ya Kiarabu iliyomiliki shamba ilijenga nyumba juu ya sakafu ile, ikawa inawapokea wageni waliofika kuitazama. Mwaka 1967 jeshi la Israeli likaiteka Yeriko pamoja na Ukingo wa Magharibi wote. Mwaka 1987 serikali ya Israeli ikaitwaa nyumba ile na sehemu ya shamba. Mwaka 1995, kwa Mapatano ya Oslo ya pili, Yeriko ikiwa chini ya Mamlaka ya Palestina, Wapalestina waliahidi kuilinda sakafu na kuwaachia Wayahudi njia ya kufika kusali. Kisha yakaja maasi ya mwaka 2000, na usiku mmoja wa mwezi wa Oktoba watu waliingia, wakachoma vitabu vitakatifu na kuharibu sehemu ya sakafu.

Msomaji na apime mwenyewe. Mwarabu alifukua, Mwarabu akatunza, Israeli ikatwaa kwa nguvu, wapinzani wake wakachoma. Anayetaka kuigeuza habari hii kuwa hadithi ya watu wema wote upande huu na waovu wote upande ule, atalazimika kukata nusu ya habari na kuitupa.

Jibu kwa wanaosema ni usaliti

Wenzetu wa kundi la kwanza wana hoja nzito, nasi hatutaki kuipunguza uzito. Wanasema: mtu aliyenyang'anywa shamba hawezi kukaa meza moja na mnyang'anyi wakazungumzia vigae vilivyomo ndani ya shamba hilo, kwa sababu mazungumzo hayo humfanya mnyang'anyi aonekane mstaarabu. Hayo yana ukweli. Lakini kutokana na ukweli huo wao hukata hukumu ya jumla kwamba kila ushirikiano ni uongo, na hapo ndipo tunapoachana.

Urithi wa nchi ile tangu zamani umepita katika mikono iliyochanganyika. Magombo ya Bahari ya Chumvi yalivumbuliwa mwaka 1947 na wachungaji Waarabu wa kabila la Ta'amireh, katika pango la Qumran. Tarehe 29 Novemba 1947, siku ile ile Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuigawa Palestina, profesa Myahudi, Eliezer Sukenik, alisafiri kutoka Yerusalemu mpaka Bethlehemu akanunua magombo kwa mfanyabiashara Mwarabu. Barabara zilikuwa na hatari, naye alikwenda. Ilikuwa biashara, hatukatai. Lakini bila mkono wa mchungaji na jicho la profesa maandishi yale huenda yangeoza pangoni au yangekatwa vipande kwa ajili ya watalii.

Mfano ulio bora zaidi ni wa kijiji cha Battir, karibu na Bethlehemu. Hapo pana matuta ya mawe yaliyojengwa mlimani tangu zama za kale, na chemchemi inayonywesha mashamba kwa mifereji. Maji hugawanywa kwa zamu baina ya koo nane za kijiji, kila ukoo siku yake, na kwa hiyo watu wa Battir husema kwamba juma lao lina siku nane. Mwaka 1949, mpaka wa kusimamisha vita ulipofuata reli ya Jaffa na Yerusalemu, wanakijiji waliachiwa walime mashamba yao yaliyo ng'ambo ya reli kwa sharti kwamba reli isidhuriwe. Miaka mingi baadaye jeshi la Israeli lilitaka kupitisha ukuta wake wa kutenganisha katikati ya matuta hayo. Wanakijiji walikwenda mahakama kuu ya Israeli, na pamoja nao wakasimama wanachama wa chama cha mazingira cha EcoPeace, chama cha Waisraeli, Wapalestina na Wajordani. Mwaka 2012 hata idara ya hifadhi za taifa ya Israeli yenyewe, chombo cha dola, iliandika kuupinga mpango wa jeshi. Mwaka 2014 UNESCO ikaitia Battir katika orodha ya urithi wa dunia kwa jina la Palestina, na mwaka 2015 mpango wa kujenga ukuta pale ukasimamishwa.

Tunawauliza wenzetu: Mpalestina wa Battir aliyekubali kusaidiwa na Myahudi kuyaokoa matuta ya babu yake, alimsaliti nani? Na Myahudi aliyesimama mahakamani dhidi ya jeshi la nchi yake kwa ajili ya mifereji ya Waarabu, alikuwa mnafiki? Hatusemi kwamba mambo yamekwisha. Mwaka 2024 serikali ya Israeli ilitangaza makazi mapya ya walowezi katika eneo hilo hilo. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Matuta yapo, na ukuta haukujengwa.

Jibu kwa wanaosema elimu haina siasa

Kundi la pili hutupa taabu zaidi, kwa sababu maneno yake ni matamu. Husema: waacheni wataalamu wachimbe pamoja, jembe halina kabila, mawe hayana utaifa. Tunajibu kwamba jembe kweli halina kabila, lakini kibali cha kuchimba kina mhuri, na mhuri una mwenyewe.

Makumbusho ya Rockefeller ya Yerusalemu, yaliyofunguliwa mwaka 1938, yalitaifishwa na Jordani mwaka 1966. Mwaka uliofuata yalitekwa na jeshi la Israeli pamoja na vipande vya magombo vilivyokuwamo. Na kabla ya hapo? Katika miaka ya 1950, mashariki ya Yerusalemu ikiwa chini ya Jordani, iliundwa timu ya kimataifa ya kuvisoma vipande hivyo. Hakuwamo Myahudi hata mmoja, ijapokuwa maandishi yalikuwa ya Kiebrania na Kiaramu. Hakuwamo mwanachuoni Mwarabu hata mmoja, ijapokuwa wavumbuzi walikuwa Waarabu. Wageni walivikalia vipande vile hata mwaka 1991, ndipo picha zake zilipofunguliwa kwa watafiti wote. Hiyo ndiyo elimu isiyo na siasa! Waliofukua na warithi wa walioandika wote waliachwa nje ya mlango.

Tazameni pia Silwan, kitongoji cha Waarabu chini ya kuta za Yerusalemu ya kale. Hapo pana machimbo makubwa yanayoitwa Mji wa Daudi, na wageni hupokewa na jumuiya ya Elad, ambayo pia huwahamishia Wayahudi katika nyumba za kitongoji hicho. Mtalii husimuliwa habari za wafalme wa miaka elfu tatu iliyopita. Habari za familia inayopika chakula cha mchana hatua chache kutoka hapo hasimuliwi. Waliopaza sauti kuipinga kazi hiyo wamo wanaakiolojia wa Kiisraeli wenyewe, wa chama kiitwacho Emek Shaveh. Chama hicho hicho, pamoja na wenzao wa haki za binadamu, walikwenda mahakamani kutaka wananchi waambiwe nani wanachimba katika Ukingo wa Magharibi na vitu vinavyopatikana vinapelekwa wapi. Mwaka 2019 mahakama kuu ya Israeli ilikataa. Sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba wachimbaji wakijulikana majina wangeweza kususiwa na vyuo vya nchi nyingine.

Elimu inayoficha jina la mwalimu wake ni elimu gani? Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 uliwekwa ili urithi wa watu uhifadhiwe wakati wa vita, na itifaki yake ya pili ya mwaka 1999 inamkataza mtawala wa nchi iliyotekwa kuchimba humo, isipokuwa pale inapolazimu ili kukiokoa kitu kisipotee. Israeli haikuitia sahihi itifaki hiyo. Kwa hiyo anayewaambia Wapalestina waje wachimbe bega kwa bega na mwenye nguvu, bila kuuliza kibali ni cha nani na vigae vitalala ghala gani, anawataka wawe vibarua katika nyumba yao. Tangu enzi za Waingereza wafanyakazi wa Kiarabu wamebeba makarai ya mchanga katika machimbo ya nchi ile, na vitabu vingi vimetoka bila majina yao. Ushirikiano wa makarai tunaujua; hautoshi.

Masharti ya ushirikiano wa kweli

Je, masharti yake ni yapi? Hatuna haja ya kuyabuni, kwani wenyewe wamekwisha kuyaandika. Kwa miaka mitatu hivi, hadi mwaka 2008, wanaakiolojia watatu wa Kiisraeli na watatu wa Kipalestina walikutana kwa msaada wa wanachuo wa vyuo vikuu viwili vya Los Angeles. Waliandika rasimu ya makubaliano juu ya urithi wa nchi zote mbili, iwapo siku moja zitakuwa mbili. Walikubaliana kwamba vitu vilivyochimbwa virudi katika nchi vilikotoka. Kwamba mahali pa kale palindwe bila kuuliza ni pa dini gani. Na kwamba Yerusalemu ya kale iwe na eneo maalumu la hifadhi. Kutokana na juhudi hizo Rafael Greenberg na Adi Keinan, Waisraeli, walikusanya orodha ya kazi zilizofanywa na Israeli katika Ukingo wa Magharibi kuanzia 1967 hadi 2007, wakaitoa hadharani mwaka 2009. Kwa mara ya kwanza Mpalestina aliweza kufungua kitabu akaona nini kimechimbwa katika kijiji chake.

Wapinzani hucheka: rasimu hiyo haikukubaliwa na serikali yoyote! Ni kweli. Hata kamati ya pamoja ya wataalamu iliyotajwa katika mapatano ya mwaka 1995 haikuzaa matunda yaliyotumainiwa. Lakini sisi walimu tungekuwa watu wa mwisho kuidharau rasimu. Sarufi, kamusi na mihtasari yetu yote ilianza kuwa rasimu zilizokaa katika makabati. Iliyoandikwa vizuri humngoja mwenye kuitekeleza. Isiyoandikwa haina cha kungoja.

Basi masharti ni haya. Kwanza, kila kilichochimbwa kijulikane: nani alichimba, wapi, lini, na kiko wapi sasa. Pili, kilichotolewa kirudi kilikotoka. Tatu, kila tabaka la udongo lihesabiwe, la Myahudi, la Mrumi, la Mkristo, la Mwislamu, wala lisifukuzwe moja kwa ajili ya kulifikia jingine. Albert Glock, Mmarekani aliyeanzisha taasisi ya akiolojia katika Chuo Kikuu cha Birzeit mwaka 1987, aliwafundisha wanafunzi wake wa Kipalestina kuchimba pia vijiji vya wakati wa Waturuki, tabaka ambalo wengine walilifagia kama takataka. Aliuawa kwa risasi mwezi wa Januari 1992, na muuaji wake hakupatikana. Kazi ya kuhesabu matabaka yote si kazi ya wapole wasiojua hatari.

Mawe wakati watu wanakufa

Lipo swali ambalo kila mwenye moyo lazima aulize. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji kutoka Gaza waliua watu wapatao 1,200 katika Israeli na kuteka wengine. Katika vita vilivyofuata makumi ya maelfu ya Wapalestina waliuawa Gaza. Msikiti Mkuu wa Omari, ambao kabla yake mahali pale palikuwa na kanisa, ulibomolewa sehemu kubwa. Majengo ya Kanisa la Mtakatifu Porphyrius yalipigwa, na watu waliokimbilia humo wakafa. UNESCO imethibitisha kuharibiwa kwa mahali pa urithi zaidi ya 100 katika Gaza. Je, si aibu kuhesabu mawe wakati maiti hazijahesabiwa?

Tunajibu kwamba maiti kwanza. Juu ya hilo hapana ubishi. Lakini anayebomoa msikiti, maktaba na makaburi hukusudia, au husababisha, kwamba aliyenusurika asijue arudi wapi. Anayechoma sinagogi la Yeriko humwambia Myahudi kwamba hakuwapo hapa kamwe. Hati ya shamba huchanika. Gofu ni hati isiyochanika upesi, na kwa sababu hiyo huandamwa. Wale wa pande zote mbili wanaohifadhi picha, michoro na orodha za vilivyokuwapo huwahifadhia walio hai ushahidi wa kudai haki zao.

Jibu kwa wanaouliza yanatuhusu nini

Mwezi wa Septemba 2023, katika mkutano wa Kamati ya Urithi wa Dunia mjini Riyadh, Yeriko ya kale iliingizwa katika orodha kwa jina la Palestina. Katika mkutano huo huo makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi, yaliyoungua mwaka 2010, yaliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini baada ya kujengwa upya. Na katika mkutano huo huo kumbukumbu za mauaji ya kimbari za Rwanda, Nyamata, Murambi, Gisozi na Bisesero, ziliingizwa. Chumba kimoja, meza moja. Nani bado anauliza yanatuhusu nini? Sisi wa nchi hizi tunajua maana ya gofu linaloshuhudia, na tunajua taabu ya majirani wanaopaswa kulitunza pamoja baada ya damu.

Tena, tunajua jinsi mawe yanavyoweza kutumiwa kumnyang'anya mtu asili yake. Kwa miaka mingi wageni walituambia kwamba Kilwa na Gedi zilijengwa na watu kutoka ng'ambo tu, mpaka uchimbaji wa uangalifu ulipoonyesha vijiji vya Waafrika katika matabaka ya chini kabisa. Hatukuhitaji kuifuta misikiti na vigae vya kigeni ili tuyaone matabaka hayo. Tulihitaji kuchimba mpaka chini na kuandika yote.

Hata lugha yetu ina ushahidi. Neno athari tumelipokea kutoka Kiarabu, na kwa Kiarabu athar ni alama iliyoachwa na aliyepita. Kwa wingi wake ndilo jina la mambo ya kale. Kwa Kiebrania mahali pa uchimbaji huitwa atar, neno la ukoo huo huo. Shalom ya sakafu ya Yeriko na salamu tunayoianzisha nayo barua ni ndugu. Maneno hayo hayakuombana kibali.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tuna kazi darasani. Tukome kuandika "Wayahudi" tunapokusudia serikali ya Israeli, na "Waarabu" tunapokusudia Wapalestina au chama kimoja chao. Tuwafundishe wanafunzi kwamba wako Waarabu Wakristo kama Baramki, na wako Wayahudi ambao babu zao walizungumza Kiarabu katika Iraki, Yemeni na Moroko. Na kila tunaposoma nao habari ya kitu cha kale, cha kwetu au cha ng'ambo, tuwazoeze kuuliza maswali manne: nani alikichimba, kwa kibali cha nani, kiko wapi leo, na nani anazuiwa kukiona? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hatadanganywa na anayemwambia kwamba kila ushirikiano ni usaliti, wala na anayemwambia kwamba kupeana mikono mbele ya wapiga picha kunatosha. Atauliza makubaliano yameandikwa wapi, na kama mwenye shamba ameyasoma.